Ukitaka ubaharia, uliza kwanza meli inabeba nini

Vijana wa mtaani kwetu Likoni wakinikuta barazani baada ya magharibi, swali lao huwa ni lile lile: "Ami, huko melini wanalipa ngapi?" Nami huwauliza: meli inayobeba nini? Hudhani nawazungusha.

Nimefanya kazi miaka 19 upande wa sitaha, nikianza na kufagia na kupaka rangi, nikamalizia kuwa serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha. Meli yangu ya kwanza ilikuwa ya shehena kichele, yaani mzigo unaomwagwa tumboni mwa meli bila magunia wala makontena. Tulishusha makaa ya mawe India, kisha nahodha akatangaza kuwa bandari inayofuata tunapakia ngano. Hebu fikiria: matumbo matano ya meli, kila moja lina kina cha jengo la ghorofa kadhaa, yote meusi tititi, na siku sita tu za safari. Tuliosha kwa maji ya bahari, tukasuuza kwa maji matamu, tukafuta, tukakwangua kutu. Mkaguzi alikuja na tochi na kitambaa cheupe. Alipanda ngazi, akapangusa juu ya ubavu mmoja wa chuma ambao hatukuufikia, akashuka akatuonyesha kitambaa. Hakusema neno. Tulirudia usiku kucha.

Kwenye meli ya makontena hayo huyaoni. Huko taabu yako ni usingizi. Salalah, bandari ya Oman, tuliwahi kufunga gati saa nane usiku, na jua likichomoza tumeshaiacha nchi nyuma. Kijana anayesema anataka kuiona dunia ajue kwamba dunia yenyewe ataiona kwa taa zake. Meli za mafuta na gesi zinamtaka baharia awe na cheti cha ziada, mara nyingi malipo yake ni afadhali, na sheria zake hazina mzaha: kiberiti na simu ya kawaida havitoki nje kwenye sitaha. Za magari ni kama maegesho ya ghorofa yanayoelea. Utainama kufunga mikanda ya magurudumu mpaka kiuno kikukumbuke.

Halafu kuna swali la upande: sitaha au injini. Watu hudhani meli kubwa hubeba mamia ya mabaharia, kumbe mara nyingi ni ishirini na kitu, wakiwemo mpishi na msaidizi wake. (Mpishi usimdharau. Meli yenye mpishi mbaya hugombana hadi juu ya chumvi.) Sitahani kuna nahodha, chifu ofisa na maofisa wenzake wa zamu, serahangi na watu wake. Chini kuna chifu injinia, lakini bwana wa kazi za kila siku ni sekondi injinia, kisha mafundi, maoila wanaotia mashine mafuta, na wipa anayesafisha. Mimi nilikimbia injini kwa sababu ya joto na kelele. Leo ningechagua huko. Fundi wa injini akishuka nchi kavu, kiwanda au hoteli yenye majenereta itamwajiri. Mimi najua kufunga kamba nene na kuongoza watu kuteremsha nanga. Nani Likoni anataka nanga?

Ukiwa kadeti, yaani mwanafunzi wa uofisa, daftari la mafunzo lisainiwe kila wiki, usingoje mwisho wa mkataba. Kwa kanuni za STCW, yaani mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, mwenye mafunzo yaliyoidhinishwa na daftari lake anaweza kufikia cheti cha ofisa wa zamu kwa miezi 12 ya bahari, asiye nayo ni miezi 36.

Wakala akikuomba pesa ya kukutafutia kazi, ondoka. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006 unakataza. Gharama zako ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti, hata viza ni ya mwenye meli. Nayasema haya kwa uchungu, maana mimi niliuza mashua ya marehemu baba nikampa wakala mmoja. Niliporudi kuuliza safari, ofisi ilikuwa imekuwa duka la viatu.

Na lile swali la shehena lina sababu nyingine. Makaa, magogo, hata nafaka hula hewa ya tumbo lililofungwa. Kutu ya mnyororo wa nanga nayo hula hewa chumbani mwake. Macho hayaoni kitu, pua hainusi kitu, mtu anashuka ngazi na hapandi tena, na mwenzake anayemkimbilia humfuata. Serahangi wangu wa kwanza alikuwa anakaa mlangoni na kipimo mkononi, hapishi mtu mpaka kisome oksijeni asilimia 20.9. Tukimwita mkorofi. Nilipopewa cheo chake, nilichukua ndoo, nikaigeuza, nikakaa pale pale.