Kabla ya sera, lori la taka litapata wapi mafuta?

Wiki hii jarida limetuuliza wasomaji ni sera zipi tungependa wagombea wa udiwani na umeya wazitangaze ili miji ya Uganda iwe endelevu na iwajali wakaaji wake. Kinachonikera katika swali hilo ni kwamba linachukulia kuwa mji huongozwa kutoka juu, na kuwa kazi ya mwananchi ni kuchagua karatasi iliyoandikwa vizuri kuliko nyingine. Mimi ni mpangaji katika jiji la Jinja, katika seli (mtaa ulio ngazi ya chini kabisa ya utawala wa jiji) ambayo Kiswahili ndicho kinachotuunganisha sisi wana wa makabila mengi ambao wazazi wetu waliletwa na kazi za viwandani. Kwa jinsi nilivyoona mambo hapa kwetu, sera ya mazingira huanzia na kufia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au seli. Nitajibu basi swali lililo jirani nalo: ni nani hasa anayeutawala mtaa, na kwa fedha ya nani?

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 ilikipa kila kijiji au seli kamati ya watu kumi, na mmoja wao ni katibu wa uzalishaji na hifadhi ya mazingira. Waulizeni majirani zenu katibu huyo anaitwa nani. Hata kamati yenyewe ilikaribia kusahaulika, kwa maana baada ya uchaguzi wa 2001 hatukuchagua tena LC1 mpaka tarehe 10 Julai 2018, na wakati huo tulijipanga mstari nyuma ya wagombea mchana kweupe, mwenye nyumba akimwona mpangaji wake amesimama nyuma ya nani. Mwenyekiti aliyepatikana kwa njia hiyo hulipwa na serikali shilingi 120,000, na hizo ni za mwaka mzima. Ni ajabu gani, basi, kwamba anaishi kwa muhuri wake, kwa barua za kufungulia akaunti benki, za dhamana polisi na za kuuziana viwanja?

Hata hivyo nimemwona mwenyekiti wa aina hiyo akifanya kazi ambayo sijaona meya akiifanya. Miaka michache baada ya uchaguzi ule, mahali petu pa kukusanyia taka palijaa hadi taka zikaangukia katika mtaro wa barabara. Kontena lililokuwa likiwekwa hapo lilikuwa limechukuliwa kwenda kutengenezwa, na halikurudi. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mjane mwenye sauti ya chini, aliita kikao chini ya mwembe Jumapili alasiri, nami kwa kuwa nina mwandiko unaosomeka nikakabidhiwa daftari la kumbukumbu. Wenye nyumba walifika mapema na kukalia viti, na sisi wapangaji wa mizigo, vile vyumba vilivyoshikana mlango kwa mlango, tukasimama. Mwenye nyumba mmoja alisema kwamba taka ni za wapangaji, kwa sababu wao ndio wengi. Mama anayeuza chapati akamjibu kwamba tarehe ya kodi inapofika hajawahi kumsikia akilalamika kuwa wapangaji ni wengi. Watu walicheka, lakini jibu lile lilibadilisha kikao, kwa maana kuanzia hapo hoja ikawa ni nani anayefaidika na msongamano wetu, na kila mtu alilazimika kuzungumza akijua hivyo.

Ubishi ulikwenda karibu hadi magharibi. Mzee mmoja Mnubi, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote, alipendekeza kila chumba kitoe shilingi 500 kwa wiki, na mwenye nyumba aongeze kiasi hichohicho kwa kila chumba anachopangisha. Wenye nyumba wawili waliondoka bila kutia sahihi. Wengine walitia, na mmoja wao akataka iandikwe kwamba amekubali kwa shingo upande, nami nikaandika hivyohivyo. Vijana wa mtaa wakapewa toroli, glavu na malipo ya kila wiki. Jumamosi iliyofuata tulitoka kwa bulungi bwansi, yaani kazi ya pamoja ya mtaa, tukauzibua mtaro, tukatoa kaveera (mifuko ya plastiki) juu ya kaveera, chupa za soda, na tairi zima la bodaboda ambalo kila mtu alikana kulijua. Kwa miezi kadhaa tuliishi bila harufu, na mwenyekiti akawa anasalimiwa hata na wale ambao hawakusimama nyuma yake siku ya mstari.

Zikaja mvua za Aprili. Asubuhi moja ulitufikia ujumbe kutoka seli ya bondeni, iliyo kando ya kinamasi kinachoelekea ziwani, ukiongozwa na mwenyekiti wao akiwa na gunia. Hakutukana mtu. Aliomba kikao, akatandika turubai, akaanza kutoa vitu kimoja baada ya kingine: daftari la hesabu lenye jina la mtoto wa jirani yangu, risiti ya umeme ya nyumba tunayoijua wote, na mwishowe barua ya utambulisho yenye muhuri wa LC1 yetu na sahihi ya mwenyekiti wetu, imelowa lakini inasomeka. Maji ya mvua yalikuwa yamezuiwa na taka zetu yakaingia majumbani mwao usiku. Vijana wa toroli walikuwa wakimwaga kinamasini, kwa sababu hakuna aliyewaambia wamwage wapi, na katika kumbukumbu za kikao cha mwembeni hapakuwa na mstari hata mmoja kuhusu jambo hilo.

Wenyeviti wawili wakaenda pamoja kwenye ofisi inayoshughulikia usafi, ambayo sioni haja ya kuitaja, kwani nadhani katika miji yetu mingi wangepata jibu lilelile: lori lipo, dereva yupo, mafuta hayapo, fedha za robo mwaka zimekwisha. Seli mbili zikachanga, dizeli ikanunuliwa, lori likaja. Likaombewa dizeli tena mwezi uliofuata, mchango ukapungua, na haukupita muda vijana wakarudisha toroli.

Nilikusudia kuitumia habari hii kuonyesha kwamba wakaaji wakipewa nafasi wanaweza. Lakini nikiitazama sasa ikiwa imeandikwa, naona inashuhudia na upande wa pili. Kikao cha mwembeni kiligawa gharama kati ya mpangaji na mwenye nyumba, nacho hakikuweza kusema taka ziishie wapi, kwa kuwa kinamasi kiko nje ya mpaka wa seli na lori liko nje ya uwezo wake. Usafi wetu ulikuwa mafuriko ya wenzetu. Kampala imelipitia jambo hilohilo kwa kipimo cha kutisha: dampo la Kiteezi, lililoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30, liko wilaya ya Wakiso, nje ya mipaka ya jiji lililokuwa likipeleka taka zake huko. Hakuna mwenyekiti wa seli, hata awe mwadilifu namna gani, ambaye angeweza kulizuia.

Tena fedha za mafuta hazitatoka mwembeni. Kodi ya kichwa ilipofutwa mwaka 2005 tulishangilia, na kwa haki, maana ilikusanywa kwa kuwasaka watu. Lakini tangu hapo serikali za mitaa zimezidi kutegemea fedha kutoka serikali kuu, nyingi zikiwa zimeshapangiwa matumizi kabla hazijafika. Sisi na wenzetu wa Arua, Gulu, Mbarara, Masaka, Mbale na Fort Portal tulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, na kwa upande wa taka sijaona hadhi hiyo ikija na tangi lililojaa.

Kwa sababu hiyo, na kinyume cha nilivyoanza, nitampa kura mgombea mwenye karatasi, mradi karatasi hiyo ionyeshe mafuta ya malori yanalipwa kutoka kifungu gani cha bajeti, na taka za seli fulani zinaishia wapi kwa jina la mahali. Ningependa pia aifufue kwa dhati kazi ya mboji, kwa kuwa sehemu kubwa ya taka zetu ni maganda ya matoke na mihogo; Jinja ilikuwa miongoni mwa miji iliyojengewa viwanda vya mboji chini ya mradi wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, uliosaidiwa na Benki ya Dunia, kwa hiyo hatusemi jambo geni. Na utaratibu wa mwenye nyumba kuchangia kwa kila chumba uwekwe katika sheria ndogo za jiji, usitegemee sauti ya muuza chapati. Najua kwamba diwani hatii sahihi hundi. Mwenye dhamana ya fedha ni karani wa jiji, ambaye huajiriwa na serikali kuu, kwa hiyo hata diwani mwema anaweza kushindwa bila kosa lake. Kura ya mstari siipendi mpaka leo, ingawa ndiyo iliyotupa mwenyekiti bora tuliyewahi kuwa naye, na sina namna ya kuyapatanisha mambo hayo mawili. Ikiwa wagombea wote watakuja na karatasi zilizonakiliwa kutoka ilani ya chama, kama ilivyo desturi, nitamchagua yule aliyewahi kuhudhuria kikao cha LC1 wakati hakuwa akitafuta kura. Kwetu nawajua wawili wa namna hiyo, na mmoja wao hagombei.