Nundu ya mtoto isipasuliwe kabla ya picha

Juzi mama mmoja wa Mwanza kaniandikia. Mwanawe ana nundu kwenye paji la uso, wiki ya 6 sasa, na zahanati wamemwambia ni jipu, ampeleke Ijumaa lipasuliwe. Nilisoma nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo.

Dada, usiende Ijumaa.

Yangu yalianza hivyohivyo. Mwanangu wa miaka 9 alianguka kwenye mwembe, juu ya sikio ukabaki uvimbe. Bibi yake akawa anamchua kwa mafuta ya nazi kila jioni. Zahanati wakatupa amoksilini, kisha amoksilini tena, halafu wakapasua. Usaha haukutoka, damu tu. Tabibu akaweka bandeji, akasema, "Bado halijaiva." Nikipita pale mpaka leo natazama upande mwingine.

Hospitali ya Muhimbili, siti skani, yaani picha ya ndani ya mwili, ilionyesha mfupa wa fuvu umeliwa kama hindi lenye dumuzi. Wakachukua kinyama, kipande kidogo cha uvimbe cha kupima. Majibu: sarkoma ya Ewing, saratani ya mifupa ya watoto na vijana aliyoieleza daktari Mmarekani James Ewing mwaka 1921. Mara nyingi hushika nyonga, paja au mbavu. Kwenye fuvu ni nadra. Na mwembe haukuhusika: nyuzi za maelekezo ndani ya seli, kromosomu ya 11 na ya 22, hubadilishana vipande, basi. Wala hatukulogwa, shemeji, kama unasoma hapa.

Habari za dripu za dawa ya saratani siwachoshi nazo. Ila usiku wa kwanza wa ile dawa nyekundu mtoto alikojoa mkojo mwekundu, nikapiga yowe wodi nzima ikaamka. Nesi akacheka: "Mama, ni rangi ya dawa." Tulipiga mizunguko 14, na mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road. Mwezi uliopita tumemaliza! Nywele zinaota, na bwana mkubwa anaulizia mwembe wake.

Kwa hiyo wazazi wenzangu: picha kwanza, kinyama pili, kisu baadaye. Kupasua ovyo kunaweza kutawanya seli za saratani. Nundu ngumu, inayokua, isiyosikia dawa, omba rufaa. Wakikuambia una wasiwasi mno, omba tena. Tunaliheshimu koti jeupe hadi tunawatoa watoto wetu sadaka. Tuache hiyo tabia. Picha kwanza!

Dada, Hospitali ya Bugando iko hapohapo mjini kwako. Kabla hujatoka, ipime nundu kwa rula uandike na tarehe, maana wataulizia imekua kiasi gani. Na kama kuna bibi anayechua, mafuta ayarudishe jikoni.