Sikio linauma, lakini anza na pua

Kwa muda mrefu dawa yangu ya sikio ilikuwa matone. Likianza kuvuta tu, nalala ubavu, natia, nasubiri. Linatulia siku mbili tatu, halafu mafua yakija nalo linarudi. Safari moja niliamka upande mmoja wa ulimi una ladha ya chuma. Nikasingizia meno.

Daktari wa masikio, pua na koo alichungulia akasema kiwambo, ile ngozi nyembamba iliyo mwisho wa tundu la sikio, kimevutwa ndani na nyuma yake kuna majimaji. Kumbe matone yangu yalikuwa yakiishia mlangoni! Sikio la kati, chumba kilicho nyuma ya kiwambo, hupata hewa kwa mrija mwembamba unaotokea nyuma ya pua, ambao hufunguka tunapomeza au kupiga miayo. Mafua au aleji vikivimbisha utando wa pale, mrija unaziba, hewa iliyobaki ndani inafyonzwa, majimaji yanajaa, na vijidudu vikipanda kutoka puani vinakuta dimbwi tayari. Mrija wa mtoto ni mfupi na umelala zaidi, ndiyo maana watoto wanaugua mara kwa mara.

Na ile ladha ya chuma? Tawi jembamba la neva (mshipa wa fahamu) ya uso, linalobeba ladha kutoka kwenye ulimi, hupita nyuma ya kiwambo. Uvimbe ukiligusa, ulimi ndio unaoshtaki. Tena neva si shahidi tu. Ncha za neva za maumivu zikichokozwa humwaga kemikali, mojawapo sabstansi P, zinazopanua vimishipa vya damu na kuvifanya vivujishe maji. Uvimbe unachokoza neva, neva nayo inaongeza uvimbe. Halafu neva ya tisa kati ya zile zinazotoka kwenye ubongo inahudumia koo na sikio la kati pia, kwa hiyo tonsili zikiuma unaweza kuapa ni sikio.

Basi usitie kitu sikioni kabla kiwambo hakijaangaliwa, kwani huenda kimetoboka. Shughulikia mafua na aleji. Kamasi penga tundu moja moja, taratibu. Uso ukilegea upande mmoja, nyuma ya sikio pakivimba, au kizunguzungu kikali kikikupata, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Majimaji yenyewe yanaweza kukaa hata miezi 3 maambukizi yakiwa yameshapona, na antibayotiki haziyaharakishi sana. Yangu yalikaa wiki saba. Siku moja nilimeza mate, sikio likalia tak, nikasikia saa ya ukutani.