Saidi mwanangu, kuhusu lile gari

Masasi, Mkuti

Mwanangu Saidi,

Salamu zako nimezipata, na ile sauti uliyonitumia usiku nimeisikiliza mara mbili. Unauliza, "Mama, kati ya Toyota, Nissan na Subaru, nani anatengeneza magari bora?" Halafu unasema mwalimu mwenzako kakuonyesha picha ya Subaru Forester nyeusi na tangu hapo usingizi hupati. Nimecheka peke yangu. Nimeona bora nikuandikie, maana mambo ya gari tukiongea kwenye simu tutagombana.

Mimi si fundi, baba. Ila tangu 2005 nimekaa nyuma ya kaunta ya spea, na anayeharibikiwa na gari hapa mtaani huja kwangu na kitu chake kibovu mkononi.

Mwanzoni nilidhani rafu zangu ndizo zenye jibu. Nikihesabu nilichouza kwa wiki, bushi, boli joint, shokapu, brekipedi, karibu vyote ni vya Toyota. Nikawa nasema basi Toyota ndiyo inayoharibika kuliko zote. Fundi mmoja mzee akanisikia, akaniambia, "Mama Saidi, kaa hapo barazani mpaka adhuhuri uhesabu magari yanayopita." Nikakaa. Toyota zilipita mpaka nikapotea hesabu. Nissan tano. Subaru mbili, na moja ilipita kwenda ikapita tena kurudi. Nikanyamaza. Tangu siku hiyo mtu akija na hoja kwamba kampuni fulani mbovu kwa sababu anayaona magari yake gereji, namuuliza kwanza yako mangapi barabarani.

Babu yako, Mungu amrehemu, hakutaka kusikia kingine zaidi ya Landrova. Ilitoka Uingereza 1948, bodi ya aluminiamu kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa adimu. Enzi zake, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, safari ya Dar ilikuwa ya kulala pale Rufiji kusubiri kivuko, na gari likikufia njiani unalifungua mwenyewe kwa spana mbili na waya. Landrova ilikubali hayo. Babu aliita huo ndio ubora, na kwa siku zile alikuwa sahihi. Leo tazama gari za halmashauri na za hospitali: Toyota Land Cruiser ya mkonga, ile ya toleo la 70 iliyoanza 1984 na sura yake mpaka sasa haijabadilika sana. Mafundi walihama, spea zikahama, na jina la gari bora likahama nazo.

Sikatai kwamba Toyota wanajua kazi. Ukoo wao ulianza na mitambo ya kufuma nguo, na mtambo wao wa 1924 ulikuwa unasimama wenyewe uzi ukikatika. Wazo hilohilo wakaliingiza kwenye kuunda magari: kibarua akiona kasoro ana ruhusa ya kuvuta kamba, kazi nzima isimame. Hata hivyo 2009 na 2010 waliyaita yarudishwe kurekebishwa magari zaidi ya milioni 8 kwa sababu ya mazulia ya sakafuni na pedeli za mafuta. Kwa hiyo usinunue jina ukadhani umenunua bima.

Sasa hiyo Forester. Ni gari zuri, nisiseme uongo. Inavuta kwa magurudumu yote manne muda wote, na kwenye tope la Nachingwea kwenda Liwale unakofundisha ungefurahi. Ila injini yake imelaza silinda, plagi ziko ubavuni, na kuzifikia tu ni kazi. Zile za zamani unazozimudu zina taimingi ya mkanda, ule unaopanga mwendo wa valvu na pistoni, unaobadilishwa kila karibu kilomita 100,000. Aliyeendesha Japani aliubadilisha? Hujui. Mkanda ukikatika injini ikiwa kwenye mwendo, valvu zinaweza kugongana na pistoni, na hapo unaongelea injini nyingine. Hapa Masasi namjua fundi mmoja wa Subaru ninayemwamini. Liwale sijamsikia.

Kuhusu gia boksi za CVT, yaani za otomatiki zisizo na hatua za gia, ambazo Nissan nyingi wanazo, na Honda pia: si mbovu, ila zinataka oili yake maalumu. Mwaka juzi mteja wangu mmoja, gari lake silitaji, alimwagiwa na fundi oili ya gia ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani. Alifika Ndanda. Kutoka hapo alivutwa kwa kamba, na msimu wake wote wa korosho ukaishia kwenye gia boksi ya mtumba.

Na spea feki! Hili linaniuma kwa sababu niliwahi kuuziwa mzigo mzima na muuzaji wa jumla. Filta za oili, boksi zuri, maandishi yote yapo. Mteja akarudi analalamika, tukaipasua moja kwa msumeno pale kaunta, tukaweka na orijino pembeni. Ile ya kweli karatasi yake imekunjwa mikunjo mingi iliyobanana, unaipitisha kidole kama kurasa za kitabu. Ile nyingine mikunjo ya kuhesabu, gundi imeachia, chini ina kutu. Oili ilikuwa inapita bila kuchujwa. Injini inakufa polepole, halafu mwenye gari anakwambia kampuni siku hizi wanatengeneza ovyo.

Ungeniuliza gari gani nikununulie wewe, mwalimu wa Liwale, mshahara ninaoujua, ningekwambia Toyota Probox. Usikunje uso. Najua utasema ni gari la mizigo, na kweli liliundwa kwa ajili hiyo, kubeba kilo 400 nyuma. Lakini injini ni ileile 1NZ ya IST, ile Toyota ndogo, taimingi ya cheni, spea zake ninazo hata usiku wa Idi. Tafuta yenye fowili, inayovuta kwa magurudumu manne, zipo. 

Karatasi ya mnada wa Japani isome mwenyewe. Ukiona herufi R, ujue limewahi kugongwa likatengenezwa. Bei nafuu isikulevye. Omba na picha za chini ya gari, maana kule kwenye theluji Japani wanamwaga chumvi barabarani, na chesesi huoza hali rangi inang'aa.

Usilipe hata shilingi kabla hujanitumia namba ya chesesi. Na hiyo picha ya Forester usimwonyeshe mdogo wako, keshaanza kuniomba hela ya leseni.

Mama yako