Datsun yangu inagonga nyuma

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Datsun 240Z ya 1972, nimeachiwa na baba mdogo. Nikiachia klachi inagonga nyuma, ko! Nikitoa mguu kwenye mafuta, ko tena. Fundi wangu amebadilisha krosi zote, vile viungo vya msalaba vya shafti, mlio uko palepale. Sasa anataka kufungua difu, ile gia ya magurudumu ya nyuma. Nimruhusu? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Difu asiiguse kwanza. Krosi "zote" alizobadilisha ni ngapi? Gari hiyo ina sita: mbili za propela, ile shafti ndefu inayotoka gia boksi, na mbili kwa kila shafti fupi inayokwenda kwenye gurudumu la nyuma. Nahisi amefanya za propela tu.

Hata hivyo, mimi ningeanzia kwenye mauntini ya mbele ya difu, yaani kishikio chake. Ni raba iliyogandishwa kati ya vyuma viwili. Ukikanyaga mafuta, pua ya difu hunyanyuka. Raba ikiwa imechanika, chuma kinakutana na chuma. Weka ubao juu ya jeki, sukuma pua ya difu juu polepole huku unachungulia. Raba ikifunguka kama mdomo, mwizi ndiye huyo. Tazama pia kama sili ya difu inavuja, maana mafuta huila raba hiyo.

Ikiwa nzima, shika shafti fupi huku na huku ya krosi, nyonga mikono kinyume. Isicheze hata kidogo. Ukiona unga mwekundu kwenye vikombe vya krosi, ndani kumekauka. Kabla ya kufungua flanji tia alama, na gololi za ile sehemu inayoteleza zirudi kwenye mifereji yake na grisi mpya.

Bushi, yaani raba za maungio, za mikono ya chini inayoshika magurudumu ya nyuma nazo zitakuwa zimechoka. Hapo kuna pini ndefu, na kwa chumvi ya Tanga itakuwa imeng'ang'ania. Toa kwanza boliti ndogo ya katikati inayoifunga. Mimi niliisahau siku moja, nikatwanga pini kwa nyundo mpaka uzi ukalala, nikamalizia kwa msumeno siku mbili. Bushi mpya zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukikaza likiwa juu ya jeki, raba hujinyonga na kukatika mapema.

Na atakayekuambia nyuma ya 240Z ni dhaifu, mkumbushe kwamba ilishinda Safari Rally 1971, na 1973 tena, mara hiyo ya pili Shekhar Mehta akiwa kwenye usukani.