Diski mpya kwa laptopu ya 2011: nakala kwanza, ununuzi baadaye

Mwalimu, umeuliza kama laptopu yako ya mwaka 2011, ambayo huchukua dakika nne kuwaka na hukwama kila unapofungua majedwali ya alama za wanafunzi, inastahili kuwekewa diski mpya au ni pesa za kutupa baharini. Mimi nina ThinkPad T420 ya umri huohuo, na diski yake niliibadilisha mwenyewe nyumbani Tudor, Mombasa, kwa hivyo nakujibu kwa yakini kwamba inastahili. Hata hivyo, kabla hujapanda feri kutoka Likoni kuja mjini kununua chochote, nakuomba ufanye nakala ya faili zako leo hii, kwa maana mimi nilitanguliza ununuzi na nikapata hasara ambayo ingeweza kuepukika.

Diski yangu ilikuwa ya GB 320, na kwa wiki kadhaa ilikuwa ikigonga ndani kwa ndani, ta, ta, ta, kisha ikinyamaza. Nilidhani ni uzee tu. Nikanunua SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na sahani zinazozunguka, nikaiunganisha kwa waya wa USB, nikaanza kunakili diski nzima kwa mkupuo mmoja. Betri ya laptopu ilikuwa imekufa siku nyingi, hivyo umeme ulipokatika mtaani kazi ikiwa imefika nusu, kila kitu kilizimika papo hapo. Kukatika huko hakukuiharibu diski ya zamani, kwa kuwa ilikuwa ikisomwa tu bila kuandikwa. Lakini nililazimika kuisoma upya tangu mwanzo, na diski iliyochoka huenda isistahimili kusomwa yote mara mbili. Safari ya pili ilisimama kabisa. Hesabu za michango ya chama chetu, nilizokuwa nikizitunza kama mweka hazina, zilipotea humo, na ilinibidi niwazungukie wanachama mmoja mmoja nikiwaomba jumbe zao za M-Pesa ili nizijenge upya. Jambo lile liliniuma, na ndiyo sababu ninaandika kwa urefu.

Basi anza hivi. Nakili folda ya alama na picha zako kwenye flashi au kwenye kompyuta nyingine, halafu ndipo uipime afya ya diski. Programu ya CrystalDiskInfo haina malipo na hufanya kazi kwenye Windows. Tazama mstari wa 05, unaohesabu sehemu zilizoharibika ambazo diski imezihamisha, na mstari wa C5, unaohesabu sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaziamulia. Ikiwa C5 si sifuri, usithubutu kunakili diski nzima: chukua faili unazozihitaji, kisha uiache ipumzike.

Huenda ukajiuliza kwa nini diski ndiyo ya kubadilishwa ilhali kasoro inaonekana kwenye kompyuta yote. Diski nyingi za laptopu za zamani zina sahani zinazozunguka mara 5400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde, na mzunguko mmoja huchukua takribani milisekunde 11. Kila faili ndogo inapohitajika, kichwa cha kusomea husogea, kisha husubiri sehemu inayotakiwa izungukie chini yake. Na mfumo unapowaka huhitaji maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika. SSD haina kitu kinachozunguka, kwa hivyo kusubiri huko hakupo. Ndiyo maana nafuu inaonekana hata kwenye mashine ambayo tundu lake la diski ni SATA (aina ya kiunganishi cha diski) ya kizazi cha pili, lenye kasi nusu ya kizazi cha tatu. SSD mpya itakubali kufanya kazi humo bila matata.

Unachohitaji dukani ni SSD ya SATA ya inchi 2.5, yenye unene wa milimita 7. Ukiambiwa uchukue ile nyembamba kama kijiti, inayoitwa M.2, ikatae, kwa kuwa laptopu za 2011 hazina tundu lake. Diski za zamani aghalabu zilikuwa na unene wa milimita 9.5, kwa hivyo mpya inaweza kulegea kidogo ndani. Mimi niliziba pengo hilo kwa kipande cha plastiki ngumu. Jihadhari pia na diski yenye maandishi ya uwezo mkubwa na bei ya kustaajabisha. Kabla hujaiamini, ipime kwa programu ya H2testw, ambayo huiandika mpaka ijae kisha huisoma tena. Uwezo wa uongo hauwezi kujificha hapo.

Kuhusu swali lako la kunakili mfumo mzima au kuuweka upya, ninapendelea kuuweka upya. Clonezilla, programu ya kunakili diski ambayo wengi huitumia, kwa kawaida hutaka diski mpya iwe sawa na ya zamani au kubwa kuliko hiyo, kwa hivyo kutoka GB 320 kwenda GB 240 itakukatalia hata kama faili zako ni chache. Zaidi ya hayo, Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za 2011. Mimi niliweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na majedwali yangu ninayafungua kwa LibreOffice, programu ya ofisi isiyo na malipo, bila taabu.

Kazi ya mikono ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Zima mashine, chomoa chaja, toa betri. Kwenye T420 kuna skrubu moja tu inayoshikilia kifuniko cha diski. Yangu ilikuwa imeshika kutu kwa hewa hii yetu ya chumvi, nikaibonyeza kwa nguvu na bisibisi ya nyota iliyoikaa sawasawa, nikaizungusha polepole ili kichwa kisilike. Ndani kuna utepe wa kuvutia: uvute kwa usawa, si kwa kuinua, na diski itatoka pamoja na reli zake mbili za mpira. Hamishia reli hizo kwenye SSD, isukume mpaka uhisi imeingia, kisha urudishe kifuniko.

Laptopu yangu sasa huwaka kabla sijamaliza kumimina chai. Ya kwako huenda ina mpangilio tofauti chini, kwa hivyo niandikie modeli iliyo kwenye kibandiko na idadi iliyo kwenye mstari wa C5, nami nitakueleza pa kuanzia.