Muulize Mwalimu: Pepa ya Amo imekataliwa mara mbili, nifanyeje?

Jamani mwezi huu maswali ya makongamano yamemiminika, tena karibu yote ya falsafa ya karne ya 17 na 18, kina Descartes, Spinoza, Leibniz, Hume na wenzao. Basi safu nzima nimewaachia hao. Mlioniuliza habari za mitihani ya logiki mnivumilie kidogo.

Msomaji, Ubungo: Shikamoo Mwalimu. Nasoma masters ya falsafa, mwaka wa pili. Nimetokea kumpenda sana Anton Wilhelm Amo, yule Mwafrika aliyefundisha vyuo vikuu vya Ujerumani miaka ya 1730. Nikatuma abstrakti, yaani muhtasari wa pepa, kwenye kongamano moja Uingereza, kichwa chake "Mchango wa Amo katika Falsafa ya Ulaya", wakanikataa. Nikatuma kwingine ileile, wakanikataa tena bila maelezo. Supavaiza ananiambia niachane naye niandike yule Mjerumani Kant tu maana ndio wanayemjua. Je ni kweli hawa watu hawataki habari za Waafrika? Na hata nikikubaliwa hela ya kwenda natoa wapi?

Marahaba. Asante kwa kunitumia na abstrakti yenyewe, nimeisoma yote na nakwambia bila kukuzungusha, hata mimi ningeikataa, na Amo hana kosa lolote hapo. Nusu ya kwanza ni maisha yake, kwamba alizaliwa karibu na Axim, Ghana ya leo, kwenye mwaka 1703 hivi, akapelekwa Ulaya akiwa mtoto mdogo, akalelewa kwenye nyumba ya mtawala wa Wolfenbüttel, akasoma Halle halafu Wittenberg, mwishoni akarudi kwao. Yote kweli, ila watu wanaopitia hizo abstrakti wanayajua. Nusu ya pili unasema "alichangia sana". Alichangia nini? Alibishana na nani, kwenye ukurasa gani? Hapo hujasema kitu.

Hawa jamaa ukikaa nao utawaelewa haraka. Wanaweza kukaa chumba kimoja siku mbili watu ishirini na tano, wanabishana sentensi moja ya Malebranche, mwanafalsafa Mfaransa, chai inapoa na hakuna anayejali. Maelezo ya jumla hawayataki, hata uwaletee ya Descartes mwenyewe watakukataa vilevile. Wanataka ushike kitu kidogo na ukibane mpaka kitoe kitu.

Na wewe kitu hicho unacho, kimo ndani ya Amo wako, sema umekipita tu. Chukua ile tasnifu yake ya Wittenberg ya 1734, ile anayosema roho ya binadamu haihisi, kuhisi ni kwa mwili ulio hai. Hoja yake ni kwamba roho inatenda tu, haitendwi, kwa hiyo hakuna kitu cha nje kinachoweza kuipata na kuigusa. Sasa humo ndani anamtaja Descartes waziwazi na kumpinga, na sentensi anayoinukuu ni ile inayosema roho ikiwa imeungana na mwili inaweza kutenda na kutendwa pamoja nao. Umejiuliza hiyo sentensi imetoka wapi? Sio kwenye kitabu. Imetoka kwenye barua ambayo Descartes alimwandikia Elisabeth wa Bohemia mwezi Mei 1643, yule binti mfalme aliyekuwa uhamishoni kule The Hague, ambaye alikuwa amemuuliza swali lililomtesa vibaya sana Descartes, kwamba kama roho ni kitu kinachofikiri tu na hakina umbo wala hakichukui nafasi, inausukumaje mwili?

Kuna utamu mwingine hapo. Barua za Descartes zilichapishwa mapema, miaka ya 1650 baada ya yeye kufariki, lakini Elisabeth alikataa za kwake zisitolewe, na hazikuchapishwa mpaka 1879. Kwa hiyo Amo mwaka 1734 alikuwa na jibu mkononi bila swali, yaani kama kumsikiliza mtu anaongea na simu kwenye daladala, upande wa pili husikii. Haya, sasa uliza, je Amo anaipinga nadharia ya Descartes au anapinga maneno aliyomwandikia mtu fulani kwa sababu fulani? Na kama Amo angesoma swali la Elisabeth, angemuona ni mwenzake au mpinzani? Maana wote wawili wameona tatizo palepale, ila Elisabeth anafika mahali anasema ni rahisi zaidi kwake kukubali roho ina umbo na inachukua nafasi, wakati Amo anakwenda upande wa pili kabisa, anaisafisha roho isiguswe na chochote. Hiyo ni pepa. Dakika thelathini, sentensi moja, watu watatu. Sio lazima uichukue hivyo hivyo, unaweza kuja na yako, ila iwe na ukubwa huo.

Soma Kilatini chenyewe hata kama ni kwa kukokota. Toleo la tasnifu za Amo la Menn na Smith, la 2020, limeweka Kilatini na tafsiri ya Kiingereza pamoja, kwa hiyo kisingizio hakuna tena. Kwenye abstrakti yako mpya maisha ya Amo yapate mstari mmoja, hoja ichukue mistari iliyobaki, na maneno yasizidi idadi waliyosema, wakisema 500 basi 500. Ondoa jina lako. Hapo wengi wanateleza, wanafuta jina juu ya ukurasa halafu linabaki ndani kwenye taarifa za faili, au wanaandika "kama nilivyoonyesha kwenye tasnifu yangu ya chuo fulani". Wanaopitia hawatakiwi kujua wewe ni nani, na kwa mtu wa Ubungo asiyejulikana na yeyote huko, utaratibu huo ni rafiki yako mkubwa kuliko unavyodhani.

Kuhusu kama wanataka habari za Waafrika. Zamani walikuwa hawataki, tuseme ukweli, ilikuwa wanaume saba tu, Descartes, Spinoza, Leibniz, Locke, Berkeley, Hume na Kant, basi imeisha hiyo. Imebadilika. Wanawake wameingia kwa kishindo, Cavendish, Conway, Du Châtelet, huyo Elisabeth mwenyewe, kuna kituo kizima Paderborn, Ujerumani, cha wanafalsafa wanawake. Mwaka 2022 Oxford walifanya kongamano zima la mwanafalsafa Zera Yacob wa Ethiopia, na ubishi mkubwa ni ule wa kama maandishi yenye jina lake kweli ni ya karne ya 17 au yaliandikwa na padri wa Kiitaliano karne ya 19. Mimi ubishi ule naupenda maana hakuna anayemsifia Mwethiopia kwa huruma, wanapimana kwa lugha ya Ge'ez, hati za mkono na hoja. Ninachokuonya ni kitu kingine, ile hali ya kuwekwa kikao cha mwisho siku ya mwisho kwenye kapu la "sauti nyingine", na watu wameshaanza kuburuta mabegi kwenda stesheni. Pepa inayomshika Descartes shati haiwezi kuwekwa kwenye kapu hilo, itabidi wakupange na watu wa Descartes.

Supavaiza wako ana heshima zake lakini hapo simuungi mkono. Kant ana foleni ndefu mno. Mwaka 2024 alipotimiza miaka 300 tangu kuzaliwa, kongamano lake kubwa la dunia lilikuwa lifanyike Kaliningrad, ndiko alikozaliwa, Königsberg ya zamani ambayo sasa iko Urusi, vita ya Ukraine ikaharibu mpango wakahamia Bonn, Ujerumani. Watu walijaa. Wewe na pepa yako ya Kant mle ndani ungeonwa na nani?

Hela. Makongamano haya madogo ya vyuo ada yake ni ndogo na mengine hayana ada kabisa, kinachoua ni nauli na malazi. Kabla hujatuma chochote waandikie waandaaji imeili fupi, waulize kama wana msaada kwa wanafunzi wanaotoka mbali na kama unaweza kuwasilisha kwa mtandao, hakuna aibu hapo, wanaulizwa kila siku. Ukikubaliwa omba barua ya mwaliko hapo hapo usisubiri. Visa ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, kwa mtu mzima sasa ni euro 90, bima ya safari isipungue euro 30,000, na unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari. Wanasema siku 15 lakini inaweza kufika 45, kwa hiyo dedlaini yako halisi ni ya ubalozi, sio ya kongamano. Uingereza ni visa yao peke yake, ya Schengen haikusaidii kitu. Na tafadhali usilipie tiketi isiyorudishwa eti kwa sababu ilikuwa ya bei rahisi.

Mzazi, Morogoro: Mwalimu, habari za kazi. Kijana wangu anasoma PhD huko Ujerumani, kila nikipiga simu yuko kwenye mkutano wa huyo Leibniz, Hannover. Mtu amekufa zamani. Hivi hayo mazungumzo hayaishi tu? Na yana kazi mbeleni?

Shikamoo mzee wangu. Hayajaisha, na kijana hakudanganyi. Leibniz alifanya kazi Hannover miaka 40, tangu 1676 mpaka alipofariki 1716, na alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, mpaka kwenye vipande vya karatasi. Ameacha kurasa kama laki mbili, barua peke yake ni kama 15,000, nyingi ziko kwenye maktaba ya mji huo huo. Juzuu ya kwanza ya toleo kamili ilitoka 1923 na mpaka leo wanaendelea kuchapisha, hawajamaliza. Kwa hiyo mzee, mtu anaweza kusimama akatoa hoja yake nzuri kuhusu Leibniz, miaka miwili baadaye ikatoka juzuu mpya yenye barua inayoivunja. Ndio maana wanakutana. Kongamano kubwa la Hannover lilianza 1966, na la 2016 lilikuwa la kukumbuka miaka 300 tangu afariki.

Kazi ni chache, sitakuficha. Zilizopo mara nyingi zinapatikana kwa kujulikana, mtu akisikia pepa yako akaipenda ndiye kesho anakuandikia barua ya kukupendekeza. Kwa hiyo akiwa Hannover yuko kazini. Wewe muulize tu swali moja, "mwaka huu unawasilisha au unasikiliza?" Kama ni mwaka wa tatu anasikiliza tu, hapo mna la kuongea.

Msomaji, Mombasa: Mwalimu, nimepata imeili nimealikwa kuwa mzungumzaji mkuu kongamano la dunia la falsafa, saikolojia, uuguzi na uhandisi, Dubai, wananiita Profesa na mimi hata digrii ya kwanza sijamaliza. Nilipe dola 450 kabla ya Ijumaa.

Usilipe. Falsafa na uuguzi na uhandisi ukumbi mmoja? Mzungumzaji mkuu wa kweli hulipiwa, halipi. Futa.

Msomaji, Nairobi: Niaje Mwalimu. Nimejisajili kongamano la Hume na Locke la London, onlaini tu, kusikiliza. Nataka kuuliza swali ila naogopa nitaonekana mshamba. Watu huuliza aje?

Poa kabisa. Kwa kawaida mtu anapewa kama saa moja, anaongea dakika 30 au 40, zilizobaki ni maswali, na hayo maswali ndio kongamano lenyewe, wengine pepa walishaitumiwa kabla. Ukiwa ukumbini kuna kadesturi ka kuinua mkono kwa swali jipya na kidole kimoja kwa swali linalofuatia lililoulizwa sasa hivi, mwenye kidole anapita mbele ya foleni. Kidole kikitumika vibaya watu wananuna. Onlaini unabonyeza kile kimkono au unaandika kwenye chati, mwenyekiti wa kikao atakuita.

Kinachowaonyesha kwamba umesoma ni namba. Hume kwenye kitabu chake cha Treatise wanamtaja kwa kitabu, sehemu na kifungu, ukisema 1.4.6 wote wanajua ni pale anapoongelea mtu kuwa yuleyule leo na jana. Locke naye ni kitabu, sura na aya, na kwa mada hiyohiyo ni 2.27. Spinoza ni sehemu na pendekezo, Descartes ni juzuu na ukurasa wa toleo la kazi zake la Adam na Tannery. Andika namba yako kwenye karatasi, halafu sema "kwenye 2.27 Locke anasema hivi, wewe umesema vile, vinakaaje pamoja?" Basi, nyamaza, msubiri ajibu. Kiingereza chako hakuna atakayekipima, nusu ya ukumbi ni Wataliano na Wajerumani wanaotafuta maneno kama wewe.

Usianze na "sina swali ila maoni", tafadhali, na usimweleze historia ya Locke mtu aliyemsoma miaka ishirini. Halafu angalia saa. Kama ni kiangazi London iko nyuma yetu masaa mawili, kikao chao cha saa tatu asubuhi kwetu ni saa tano, na baridi ikianza kwao inakuwa masaa matatu.